Redio ya Malimi na Kipimo cha Betri

Nansio,
11 Februari 2024

Hellen mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, mkwe wangu Kamugisha na watoto. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri asubuhi, yakishapata jua yanatulia. Machungwa mwaka huu yamezaa mpaka matawi yanaomba kuegemezwa. Nimempa Josephat wa melini kapu moja akuletee pamoja na barua hii. Ukiona ni machache ujue amekula njiani, simwamini yule mbele ya chungwa. Jirani yangu Dorotea anakusalimu. Kuku wake wameingia tena kwenye mihogo niliyoanika, nimenyamaza kwa ajili ya ujirani.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu iko kabatini. Watu wa siku hizi mnaongea chinichini kama mnapanga kuiba, nami nimechoka kusema "eh?" kila mara. Barua hainong'oni.

Sasa jambo lenyewe. Nataka uniangalizie huko mjini kidude cha kupimia betri, kile unachoweka betri halafu kinakwambia nzima au imekufa. Kiwe kinapima betri kubwa za redio na tochi, na zile ndogo za saa ya ukutani. Chagua vizuri, usiniletee mdoli.

Sababu yake ni Nestory wa dukani. Ananiuzia betri mbovu. Naandika kwa uchungu, maana Nestory ndiye aliyekaa benchi moja na mjomba wako Malimi miaka yote wakibishana mpira na bei ya pamba, na tangu huyo mume wangu afariki sijanunua hata kiberiti kwa mtu mwingine. Lakini tangu mwaka jana kila nikitia betri mpya kwenye redio, siku ya kwanza inaongea kwa shida, siku ya pili inanong'ona, nikifungulia mpaka mwisho ndipo naambulia maneno mawili matatu. Sitaki kumsema mtu bila ushahidi. Nikiupata ushahidi nitauweka mezani kwake mbele za watu.

Redio ile unaijua. Panya walikula waya wake wa umeme, mjomba wako akasema afadhali, umeme ukikatika yenyewe haitajua. Kila jioni tulikaa barazani kusikiliza matangazo ya vifo. Yeye anaishika mapajani, mimi nachambua dagaa. Likitajwa jina la mtu tunayemfahamu, kwanza ananishika mkono, halafu ananigeukia na kulirudia taratibu, uso kwa uso, ndiyo namna yake ya kunipa pole. Ndugu waliotawanyika Sengerema na Geita wote tuliwahi kuwazika kwa sababu ya redio hiyo. Alikuwa akisema mtu anaweza kukosa harusi ya mwenzake, mazishi hapana.

Na kuna Evelina wangu wa Bujora. Tulikua pamoja hapa kisiwani kabla hajaolewa huko Usukumani, tukaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwimbia kaburini ule wimbo wetu wa kutwangia mihogo. Mwaka jana mwishoni nilisikia anaumwa. Kila jioni nafungua redio nikimwomba Mungu nisisikie jina lake. Sasa redio yenyewe ikiwa haisemi, nitajuaje?

Usichelewe.

Shangazi yako,
Paskazia


Buhongwa, Mwanza,
25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Machungwa yamefika, Josephat anaapa kwamba hakugusa hata moja, lakini shati lake lilikuwa linanukia. Sisi wazima. Duka langu la madaftari linakwenda, vumbi la malori ya Shinyanga ndilo linalonunua kwa wingi kuliko wateja. Kamugisha anakuamkia. Bado yuko na pampu zake za maji, anatoka msafi anarudi kama mtu aliyelima.

Nilidhani kununua kipimo cha betri ni sawa na kununua sindano. Nimezunguka maduka ya Makoroboi mpaka miguu ikalalamika. Cha kwanza nilichoonyeshwa kinaandika tarakimu kwenye kioo, kizuri sana machoni, ila chenyewe kinatumia betri. Nikamuuliza muuzaji, hiyo betri yake nitaipima kwa kitu gani? Akacheka tu. Cha pili kilikuwa cha bei poa lakini betri kubwa ya redio haiingii. Kamugisha akataka nikuletee mita yake ya kazini, ile yenye waya mwekundu na mweusi. Nikamwambia shangazi yangu hataki kuwa fundi, anataka jibu.

Mwishowe nimechukua cha mshale. Ndani hakina betri. Ule mkono wake unavutika ukashika betri kubwa au ndogo. Weka kichwa cha betri upande wenye alama ya kujumlisha, halafu tazama mshale: nyekundu imekufa, njano inaelekea huko, kijani nzima. Ukikosea kugeuza hakiharibiki.

Nilipokijaribu pale dukani nilicheka peke yangu, muuzaji akanishangaa. Nilikumbuka ungo wa mjomba. Tangu mliponichukua mama alipofariki, kitu cha kwanza nilichokuwa nakiona nikirudi shule ni nyungo mbili juu ya bati la jiko, mmoja wa dagaa, mmoja wa betri, zote zinapigwa jua, na wewe unamfokea kwamba iko siku utakaanga betri. Naye anazigeuza moja moja kama mihogo. Jioni anaziuma kwa meno, anazitia kwenye tochi, na tochi inawaka kweli, nyekundu kama kaa. "Unaona Hellen," ananiambia, "usitupe kitu kabla hujakianika." Wanangu nikiwasimulia wanadhani natunga.

Nimemkumbuka sana mjomba wiki hii. Nawe unikumbuke kwa kuniandikia mapema.

Mwanao,
Hellen


Nansio,
17 Machi 2024

Hellen,

Kipimo kimefika. Asante kwa mwendo wako wote wa Makoroboi, Mungu akulipe miguu mingine. Mvua zimeanza, nimepanda viazi. Dorotea ana mjukuu mpya, ananiambia jina lake kila siku nami kila siku linanipotea, majina ya siku hizi hayashikiki.

Kipimo chako kinasema uongo. Nilizitoa betri kwenye redio zikiwa maiti kabisa, nikaziweka, mshale ukaruka kijani. Nikaweka za tochi, kijani. Nikaenda nikaokota ile iliyotupwa nyuma ya choo, ina kutu mpaka tumboni: nyekundu. Kwa hiyo nyekundu kinaijua, hakitaki tu kuisema kwa Nestory. Ningekuwa sikujui ningesema mmekula njama.

Mjomba wako hakuhitaji mshale. Aliangusha betri kwenye sakafu ya saruji akasikiliza. Nzima inatua kwa kishindo kizito, iliyokufa inalia kama kopo. Nami nimejaribu, nimeangusha nzima, nimeangusha na ile ya kutu, zote kimya. Hata betri zenyewe haziundwi tena kama zamani. Kila kitu kimepungua, mwanangu. Huyu paroko mpya naye anaogopa kuwaudhi waliolala, kengele anaigusagusa tu, Jumapili iliyopita nimefika kanisani wako somo la pili.

Nitafutie kipimo kingine chenye ukali. Nimemtazama Nestory leo akinihesabia chumvi, akanitabasamu kama kawaida, na moyo ukaniuma. Evelina sijasikia habari zake. Nachukulia kwamba anaendelea vizuri.

Shangazi yako


Buhongwa,
7 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Huku tulikula ndizi za Kihaya mpaka Kamugisha mwenyewe akaomba ugali, siku hiyo niliiandika kwenye kalenda.

Nimempelekea kesi yako. Anasema unaweza kuwa na haki. Betri iliyochoka ikipimwa imekaa tu, inaweza kujionyesha nzima, kama mgonjwa aliyelala anayekwambia amepona. Mpe ndoo ya maji abebe, ndipo utajua. Kwa hiyo nimekutafutia kipimo kinachoipa betri kazi kwanza, halafu kinaandika tarakimu. Betri kubwa mpya itaandika moja na nusu au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya moja nukta mbili, kwa redio hiyo imechoka, mshitaki Nestory. Kipimo hiki kina betri yake ndani, nimeweka mpya. Hiyo nayo utaipima kwa kile cha mshale, wachungane wenyewe kwa wenyewe.

Shangazi, nina swali dogo. Ukiwasha redio jioni, unafungulia mpaka wapi? Nauliza kwa sababu Krismasi nilipokuja niliisikia tangu kwenye kona ya kwa akina Dorotea, nikadhani kuna sherehe kwako. Nikakukuta umekaa peke yako na redio mapajani, umeiinamia.

Na siku ya Pasaka nilipiga simu, kwa bahati ulikuwa umeitoa kabatini, ukapokea. Nilikuambia watoto wanakusalimu, ukajibu kwamba mvua imenyesha vizuri. Nikasema nakupenda, ukasema haya, nitamwambia Dorotea. Nilicheka, kisha sikucheka tena.

Nijibu hilo la redio.

Hellen


Nansio,
28 Aprili 2024

Hellen,

Kipimo cha tarakimu nimekipata. Kimeandika moja nukta tano na ushee, betri zote. Nikaona basi, ugonjwa uko kwenye redio. Nimeipeleka kwa fundi wa sokoni. Amekaa nayo siku nzima, akanirudishia akisema ni nzima kabisa, na nilipomwambia inanong'ona alinitazama namna ambayo sikuipenda. Fundi wa siku hizi akishindwa kazi anakutazama hivyo.

Betri sasa nanunua kule juu, karibu na stendi. Nikipita kwa Nestory nageuzia uso barabarani. Juzi nadhani aliniita. Sikusimama.

Swali lako la redio sikulielewa.

Viazi vinaendelea vizuri.

Paskazia


Buhongwa,
12 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo sina habari za watoto wala za duka. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kumheshimu mtu si kumnyamazia akiwa na mchicha kwenye meno. Kwa hiyo nasema. Betri ni nzima. Redio ni nzima. Nestory hajakuibia, kengele ya kanisa ni ile ile, na sisi kwenye simu hatunong'oni. Naomba uje Mwanza, twende hospitali wakapime masikio yako.

Nisamehe kama nimetamka vibaya. Siku ile ya simu nilikuwa kama mtoto, nilitaka tu unisikie nikisema nakupenda. Ninaogopa siku nitakayosimama mlangoni pako nikuite, nawe usigeuke. Mtu aliyenisikia nikikohoa kutoka chumba cha pili na kuja na mafuta ya moto kabla sijakohoa mara nyingine, nitawezaje kuzoea hilo?

Kamugisha atakuja kukuchukua siku yoyote utakayosema. Kitanda kiko tayari.

Hellen wako


Buhongwa,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Josephat anasema barua ya Mei alikukabidhi mkononi, na kila anapokuja kuulizia majibu unampa machungwa tu. Machungwa nayapokea. Kama nimekukosea nigombeze, lakini kwa maandishi.

Hellen


Nansio,
21 Julai 2024

Hellen mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ya Mei niliisoma, nikaikunja, nikailaza chini ya redio. Nilikasirika. Nilisema, mtoto niliyemfunga kanga mgongoni leo ananiita kiziwi. Kila nikiwasha redio naiona ile karatasi imechomoza, nairudisha ndani. Ndivyo nilivyoishi nayo miezi miwili.

Jumanne Dorotea alikuja na kuni kichwani. Akazitua mlangoni, akanikumbatia, akalia. Nikamuuliza kuna nini.

"Pole, dada. Pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa Evelina wako. Nilikuwa Ilangala kwa binti yangu, nimerudi jana, nikajua nitakukuta umeshatoka Bujora."

Nikamwambia Evelina hajafa. Nikamwambia mimi nasikiliza redio kila jioni, angekufa ningejua. Dorotea akanitazama. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu la kushoto akasema, "Dada, sisi wote tulilisikia tangazo kwenye redio yako, mimi kesho yake alfajiri nikasafiri."

Wiki mbili kabla ya hapo, Hellen. Lilisomwa hapa barazani, mapajani mwangu, jina lake, la mumewe, la watoto na siku ya maziko, na mtaa mzima ukasikia. Wakaona bibi amekaa tu anachambua dagaa, wakasema amepatwa na uchungu mkubwa, tusimsumbue. Kumbe mimi jioni ile nilizima redio nikasema asante Mungu, leo tena hakutajwa.

Nikaitoa simu kabatini. Imezima. Tulipoichaji ikaonekana watoto wake walinipigia mpaka wakachoka.

Amezikwa bila wimbo. Tulikuwa wasichana wawili kwenye kinu kimoja, mchi wake unapanda wangu unashuka, na hatukuwahi kugonganisha. Ahadi ilikuwa ni hiyo moja tu maishani mwetu, wala haikuwa ngumu.

Nyani haoni kundule. Nimepima betri, nimepima kipimo kwa kipimo, nimepima redio, nimempima na Nestory wa watu. Kitu kimoja tu sikutaka kukipima.

Na kingine nimekielewa usiku huo huo, kikanikosesha hata machozi. Ule mkono wa mjomba wako. Miaka yote ile nilidhani ananishika ili kunipa pole. Kumbe alikuwa anajua sijasikia. Ananishika nimtazame, halafu ananirudishia jina polepole nilione midomoni mwake. Hakuniambia hata siku moja. Aliondoka na siri yangu ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Mwambie Kamugisha aje. Na kabla ya hospitali unipeleke Bujora.

Shangazi yako


Buhongwa,
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumba imepwaya tangu ulipoondoka. Watoto bado wananionyesha nilivyofungua mdomo pale nilipokuambia jikoni, nikiwa nimekupa mgongo, kwamba chumvi imezidi, ukajibu kutoka sebuleni kwamba imezidi tangu jana.

Naongeza betri za kifaa chako cha sikioni. Kumbuka alivyosema daktari: kile kikaratasi cha mgongoni mwa betri usikibandue mpaka siku ya kutumia, betri hiyo ikishavuta hewa inaanza kuisha hata kama hujaivaa. Ukikibandua iache itulie kidogo ndipo uipime.

Na umpe Nestory salamu zangu. Najua bado hujaenda.

Hellen


Nansio,
6 Oktoba 2024

Hellen mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, viazi vimetoka vikubwa, na kuku wa Dorotea kumbe wana kelele kiasi hicho. Nilikuwa nawalaumu kwa mihogo tu, sasa nina la kuongeza.

Betri zimefika. Ni ndogo kuliko harage, na nilikuwa na haki kukataa kuondoka Makoroboi bila kipimo chenye kijitundu chake. Bado nakumbuka yule muuzaji alivyoniinamia akapaza sauti, "BIBI, UNATAKA CHA AINA GANI?" nikamwambia usipige kelele baba, nakusikia, nataka kinachopima kubwa, ndogo na hii ya sikioni, halafu nikajaribu vitatu mbele yake nikachagua mwenyewe. Sasa nina vipimo vitatu. Hapa Nansio hakuna betri inayoweza kunidanganya.

Bujora sijakuambia vizuri, siku ile nilishindwa kusema. Nilipoanza wimbo pale kaburini nilinyamaza katikati, wewe ukadhani ni kilio. Haikuwa hivyo. Nilisikia sauti ya bibi kizee ikiimba, nikatafuta ni nani. Nilikuwa sijaisikia sauti yangu tangu ilipozeeka. Nikaona, Evelina naye angeshangaa. Basi nikaumaliza kwa sauti hiyo hiyo, ndiyo iliyobaki.

Kwa Nestory nimekwenda. Nilisema nitaweka ushahidi mezani kwake mbele za watu, na mimi nikisema nimesema. Nimekiweka kipimo. Nikamwambia aniletee betri za redio, nikazipima moja moja, nikawaambia waliokuwepo, "Tazameni wenyewe, ni kijani. Betri za mtu huyu ni nzima, na zilikuwa nzima siku zote. Mbovu lilikuwa sikio langu." Nestory alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Akasema, "Mama Paskazia, hilo mbona nililijua. Malimi aliniomba nisikwambie. Alisema wewe utalijua siku utakayotaka." Nilimwuliza basi kwa nini aliniacha nimnunie miezi yote ile. Akasema, "Ningekujibu nini? Ulikuwa hunisikii." Tukacheka mpaka nikalazimika kukaa. Nimekaa kwenye lile benchi, upande wa Malimi.

Sasa nikumalizie na habari ya redio. Jioni ya kwanza niliporudi niliiwasha, nusura niitupe. Ilinguruma kama mashine ya kusaga. Nikaona aibu kwa jirani zangu, nikaishusha mpaka ikawa inaongea na mimi tu, nikakaa kwa raha. Haukupita muda Dorotea akaja ameshika mwiko. "Dada, kuna usalama? Betri zimekufa?" Nikamwambia nzima. Nyuma yake akaja mama wa nyumba ya pili, naye anauliza kama betri zimekufa. Halafu Nestory, hata kabla sijamwendea dukani, amefunga duka, ana betri mbili mpya mkononi. Kumbe mtaa mzima walikuwa wameacha kuwasha redio zao, wanapika, wanakoga, wanachambua dagaa, sikio liko kwangu. Walichukizwa na kelele mwanzoni, Dorotea ameniambia bila kuficha, kisha wakazoea, na jioni nilizokuwa kwako hawakujua nani amekufa.

Kwa hiyo saa ya matangazo naifungulia mpaka mwisho, kwa ajili yao. Wanakuja na viti vyao. Simu nimeiweka dirishani, imechajiwa. Siku ukipiga kuniambia lile neno la Pasaka sitampelekea Dorotea.

Jana lilisomwa jina la mzee mmoja wa Murutunguru, shemeji yake Dorotea. Dorotea mwenyewe alikuwa anacheka na mtoto, hakusikia. Mimi nilisikia, jina zima. Kwanza nilimshika mkono.

Shangazi yako,
Paskazia